Shahada ya Mama Chiriku

9 Januari

Mdogo wangu Fundi,

Jana nilipofungua mlango nilisema, "Vua viatu kwanza," ndipo nikakumbuka nimeingia peke yangu. Nikavua vyangu.

Nashukuru nilipomleta Chiriku hukuniuliza maswali mbele ya shemeji. Sasa nakujibu yote. Unajua nimekaimu ukuu wa wodi ya watoto miaka mitatu. Desemba wamemleta mkuu kamili, msichana ambaye mimi ndiye niliyemshika mkono alipochoma sindano yake ya kwanza. Yeye ana shahada, mimi nina stashahada, basi. Ananiita "mama" kwa adabu zote, halafu ananituma nikabadilishe dripu. Sina kinyongo naye. Nina kinyongo na kile kiti.

Chuo nilichopata kinafundisha kwa njia ya mtandao, na ni kwa wauguzi waliosajiliwa ambao wapo kazini. Hakuna kwenda darasani. Mihadhara unaisikiliza kwenye kompyuta, kazi unazituma huko huko, na kwenye jukwaa la darasa mnabishana na watu msioonana. Wametuandikia kwamba ni shahada "inayoendana na ratiba yako". Nilicheka peke yangu. Ratiba yangu haijawahi kuendana hata na mimi mwenyewe.

Nilijaribu kusoma Chiriku akiwa hapa, Mungu shahidi. Dada wa kazi ameolewa, baba yake tangu aondoke hajatuma hata salamu, na mtoto wa miaka mitatu na nusu hajui mhadhara ni mdudu gani. Wiki ya kwanza alinipanda mapajani akamtumia mkufunzi ukurasa mzima wa herufi k. Mkufunzi akajibu: "Tafadhali fafanua hoja yako."

Miaka miwili tu, Fundi. Kila likizo nitakuja. Simu iwe ya Chiriku, maana kila neno analisikia na kulitangaza mtaa mzima. Mambo yetu sisi tuandikiane, kama enzi zile nilipokuwa bweni. Barua nitazipeleka ofisi ya mabasi.

Anaogopa maji ya kuoga yakitoa mvuke. Usimlazimishe.

Dada yako


2 Februari

Dada,

Barua yako imefika imelowa pembe moja, lakini imesomeka.

Chiriku hajafunga mdomo tangu umwache. Jina mlimpa kwa haki. Juzi nilikuwa nampima kiuno yule mama wa duka la vyombo, mteja wangu mkubwa, mwanao akapiga kelele, "Mama Mdogo, tepu haitoshi!" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mteja akacheka mpaka akakaa, kwa hiyo nimeponea hapo.

Siku tatu za kwanza alisimama mlangoni akimuuliza kila anayepita kama amekuona. Siku ya nne aliuliza watu wawili. Sasa anauliza asubuhi tu, tena akiwa anatafuna. Nakwambia ili moyo wako utulie: mtoto anazoea.

Kile chumba kidogo, unajua tulikuwa tumekipaka rangi kwa ajili ya nani. Mara mbili tumekipaka, na mara mbili tumefunga mlango. Sasa kuna mtu analala humo. Shemeji yako amemtengenezea kitanda, seremala mzima akasahau vibao vya pembeni. Mtoto akaanguka puu, akaamka akicheka. Vibao vimewekwa. Soma, Dada. Ukishakaa kwenye hicho kiti nitakushonea foronya yake.

Mdogo wako,
Fundi


17 Novemba

Fundi,

Naona aibu hata kuandika. Siji tena, na hii ni mara ya tatu. Ule mtihani wa takwimu niliufeli, sikukuambia. Ninaurudia mwanzoni mwa Desemba, na nikiufeli tena wananisimamisha mwaka mzima. Likizo yangu nimeiuza kwa mwenzangu ili anishikie zamu za siku za mtihani.

Ungeniona ungenihurumia au ungecheka. Nasomea stoo ya mashuka, saa ya mapumziko, nimekalia robota la mablanketi, kompyuta nimeiweka kwenye rafu ya foronya. Nikisikia mtoto anakohoa upande wa pili najua ni kitanda namba ngapi, na hapo hapo nimesahau nilikuwa nakokotoa nini.

Lakini kuna jambo lingine. Jumapili tatu mfululizo Chiriku anakuja kwenye simu, anasema "Shikamoo", halafu nasikia miguu inakimbia. Zamani nilikuwa namwomba anyamaze nipumue. Kuna neno? Amekasirika? Niambie tu, nitalibeba.

Dada yako


30 Novemba

Dada,

Kila kitu ni shwari. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya sare za shule, nimeshona mpaka vidole vimeota sugu. Chiriku ni mzima, ana michezo mingi ndiyo maana hatulii kwenye simu. Watoto wote ndivyo walivyo.

Fanya mtihani wako kwa utulivu, usiwaze ya huku.

Fundi


22 Machi

Fundi,

Jumanne nilipata siku mbili za mapumziko. Sikukuambia, nilitaka kuwashtukiza. Saa nne asubuhi nilikuwa nimeshuka kwenye basi, nikasema nianzie shuleni, maana uliniambia ameanza chekechea ile ya nyuma ya soko. Nilikuwa na mfuko wa zawadi na moyo unanidunda kama msichana anayekwenda kuonana na mchumba.

"Nimekuja kumwona mwanangu," nikamwambia mwalimu, nikamtaja.

"Mama yake namfahamu," akasema. "Ni yule fundi cherehani. Wewe nani?"

"Mimi ndiye mama yake."

Alinitazama kama ninavyowatazama watu wanaotaka kuingia wodini kwangu saa zisizo za kutazama wagonjwa. Simlaumu, alikuwa anafanya kazi yake vizuri. Akafungua daftari la usajili akaniwekea kidole. Jina la mama: lako. Mwandiko: wako, na ile herufi yako ya m yenye mkia.

Nikasema mwiteni mtoto. Wakamwita. Amerefuka, Fundi. Ana namna ya kusimama akiegemea mguu mmoja ambayo hakuwa nayo. Mwalimu akainama akamuuliza, "Unamjua huyu?" Akanitazama kuanzia viatu mpaka usoni, hana haraka. Nikajikaza kisabuni, nikatabasamu. Akasema kwa sauti yake ile ile ya kutangaza:

"Ni yule Sista wa kwenye simu."

Halafu akaniamkia, "Shikamoo, Sista," akamuuliza mwalimu kama anaruhusiwa kurudi kucheza.

Nikaitikia marahaba.

Sikuja kwako. Ningekuja ningesema maneno ambayo mtu na ndugu yake hawawezi kuyarudisha nyuma. Nilikaa stendi mpaka basi la kurudi likajaa. Nilikuachia mtoto unitunzie, sikukugawia. Umeniibia, tena umeniibia huku mimi nakushukuru kila Jumapili.

Masomo yakiisha nakuja kumchukua mwanangu.

Sista wa kwenye simu


29 Machi

Dada,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, mkao haukusaidia.

Siwezi kusema kalamu iliteleza. Fomu iliuliza jina la mama, mkono ukaandika langu, na nilipomaliza nilikuwa na nafasi ya kufuta. Sikufuta. Nikaikunja nikampa mwalimu.

Lakini haikuanzia hapo. Novemba nilipokuandikia kwamba kila kitu ni shwari, ile barua niliiandikia kwenye benchi la kituo cha afya. Chiriku alikuwa amelazwa, siku ya nne. Homa ilimpanda mpaka akawa anaweweseka. Wewe ulikuwa na mtihani wa kufa kupona. Nikasema akizidiwa nitakupigia. Hakuzidiwa. Siku ya kwanza nesi alikuwa anamtafuta mshipa hauonekani, akapaza sauti: "Mama wa huyu mtoto yuko wapi? Njoo umshike mkono!" Chumba kimejaa wanawake. Nilisubiri kidogo, Dada, naapa nilisubiri, kama vile ungetokea mlangoni. Halafu nikasimama nikamshika.

Akaniita mama. Alikuwa anaungua, sikumsahihisha. Alipopona akaendelea kuniita hivyo hivyo, na hapo ndipo nilipokosa. Ningeweza kumrekebisha mara mia kwa siku mpaka akazoea tena. Sikumrekebisha hata mara moja. Neno hilo nilikuwa nimelisubiri miaka saba.

Simu sikumkataza. Nilikuwa nikimwita, "Njoo uongee na mama," ananiuliza, "Mama si wewe?" Nikaanza kusema, "Njoo uongee na Sista," kama shemeji yako anavyokuita siku zote. Ilikuwa rahisi. Nimejua sasa ilikuwa rahisi kwa nani.

Jumatatu nitakwenda kubadilisha fomu. Ukitaka kuniita mwizi endelea, sina pa kukimbilia. Ila usiache kuniandikia.

Fundi


11 Aprili

Fundi,

Fomu iache kwanza. Nimekuita mwizi, na wewe umenijibu kwa ukweli mtupu, sasa na mimi nisikilize.

Januari hii hospitali ilifungua chumba cha kulelea watoto wa wafanyakazi, nyuma ya jiko. Kinafunguliwa kabla ya zamu ya asubuhi, kinafungwa baada ya zamu ya jioni. Tulikipigania miaka. Jina langu lilikuwa la tatu kwenye orodha. Nilikwenda nikaona vigodoro vimepangwa, nikaona vikombe vya plastiki, kila kimoja na rangi yake. Mama anayeandikisha akaniuliza, "Wako unamleta lini?" Nikamwambia, "Lifute jina langu. Mwanangu yuko kwa mdogo wangu, ana raha zake."

Unajua kwa nini? Nilikuwa nimeufaulu ule mtihani. Nilikuwa nimeanza kuwa wa kwanza darasani, mimi, ambaye miaka yote nimejulikana kwa kujua kutandika kitanda chenye mgonjwa ndani yake. Nilikuwa nimeonja nyumba iliyo kimya, chai inayonyweka ingali moto, ukurasa unaosomwa mpaka chini. Kila mtu nilimwambia navumilia kwa ajili ya mtoto. Nilikuwa navumilia nini? Nilikuwa nafurahi, Fundi. Nilifurahi karibu miezi mitatu, mpaka siku ile ya shuleni kwenu.

Kwa hiyo kama kuna wizi, tumeiba wote wawili, na aliyeibiwa ana miaka minne.

Mada ya utafiti wangu wa mwisho nimeshaichagua: watoto wanaolazwa hospitali bila mama zao. Mkufunzi ameandika pembeni, "Mada nzuri sana. Umeipataje?"

Namaliza Desemba. Februari nakuja kumchukua, safari hii nitabisha hodi mlangoni kwako. Mpaka wakati huo mwambie ukweli kidogo kidogo, kama dozi ya mtoto.

Dada yako


12 Februari

Dada,

Mlipokuwa mnaondoka sikutoka nje, usidhani ni hasira. Shemeji yako ndiye aliyenizuia. Alisema nikitoka mtoto hatapanda basi, na alisema kweli. Nilimsikia akiniita mpaka mlipokata kona.

Kuna mambo nilisahau kukuambia, naandika ovyo ovyo yanavyonijia. Yai anakula, ila kiini kiwe kimekauka. Akisema tumbo linamuuma, mara nyingi si tumbo. Mvuke wa maji ya kuoga haogopi tena, sasa anaogopa mashine ya kusaga. Viatu anaanza na cha kushoto, ukimvalisha cha kulia kwanza mtaanza upya. Kopo la vifungo nililomwekea kwenye begi si la kuchezea tu; anapenda kuvipanga kwa rangi anaposimulia mambo yake, akikosa cha kushika hasimulii. Nguo zote nimeziachia pindo la vidole vitatu, unaweza kuzishusha mpaka afike miaka saba.

Nilimwambia ukweli kama ulivyosema, kidogo kidogo. Akaniuliza, "Kwa hiyo Sista ni mama, na wewe ni nani?" Nikamwambia mimi ni mama mdogo. Akasema, "Mbona wewe ni mnene?"

Nimecheka hapa nikiandika, halafu nimelia, cherehani inanitazama tu.

Fundi


27 Februari

Fundi,

Usiwe na wasiwasi, mtoto ametulia. Wiki ya kwanza alilia sana, sikufichi, alilia mpaka jirani akaja kugonga. Wiki hii hajalia hata mara moja. Anakula anachopewa, anavaa anachovalishwa, asubuhi namkuta ameshaamka amekaa kwenye kiti. Hanisumbui hata kidogo. Kwenye kile chumba cha nyuma ya jiko wananiambia, "Mama Chiriku, mwanao ana adabu, hana neno na mtu."

Mahafali yalikuwa ya kwenye kompyuta. Joho walinitumia kwa posta. Nililivaa juu ya gauni la nyumbani, nikakaa jikoni kusubiri jina langu, likatajwa kati ya majina mia mbili, nikasimama. Chiriku alikuwa mezani. Nikamwambia, "Pigia Mama makofi!" Akapiga makofi matatu, akarudisha mikono mapajani.

Wodi wamenipa. Yule msichana amepanda makao makuu. Jina langu liko mlangoni.

Dada yako


5 Machi

Dada,

Hongera kwa kiti. Umekitolea jasho.

"Hanisumbui hata kidogo." Hapo nimekwama, nimeshindwa kuendelea na kazi. Chiriku ninayemjua mimi anamsumbua hata paka aliyelala. Hana neno na mtu? Chiriku?

Sina cha kukufundisha. Wewe ndiye uliyesomea.

Fundi


19 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako ilinifanya nifungue utafiti wangu mwenyewe, ukurasa wa kumi na tisa. Nimeandika hivi, na walinipa alama za juu kabisa: "Mtoto aliyetenganishwa na mlezi wake kwanza hulia. Baadaye hunyamaza, na wauguzi hufurahi wakidhani amezoea. Ukimya huo si kuzoea. Ni kukata tamaa." Nimeyaandika mimi, kwa mkono wangu, nimekalia robota la mablanketi.

Kumbe kila asubuhi anapokaa kwenye kiti anakuwa amevaa viatu. Kile kiti ndicho kilicho karibu na mlango. Mimi nilikuwa naona usafi.

Kopo la vifungo hajalifungua. Jumamosi nimekuta shuka lililolowa amelificha chini ya kitanda, amelikunja vizuri kama unavyokunja wewe vitambaa. Nikampakata. Haninyimi mwili wake, anakaa tu, kama mtoto anayepimwa uzito.

"Unataka nini, mwanangu? Chochote."

"Sitaki kitu, Sista."

"Tumbo linakuuma?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Tangu lini?"

"Tangu kule kwenye basi."

Wiki sita, Fundi. Wiki sita nimekaa naye nyumba moja, mimi, mkuu wa wodi ya watoto. Mtoto wa siku mbili naweza kumpata mshipa kwa jaribio la kwanza. Huyu sijui nimshike wapi. Wenzangu wananiambia vumilia, atazoea, damu haipotei. Labda. Labda akivumilia miezi sita atanipenda. Labda atakuwa mtoto wa adabu maisha yake yote.

Nifanye nini? Wewe ndiye unayemjua.

Dada yako


24 Machi

Dada,

Usiniulize mimi. Ukiniuliza nitasema mlete, na nikisema mlete nitakuwa mwizi mara ya pili. Nisamehe, hili siwezi kukusaidia. Kitanda chake hatujakigusa, lakini hilo nalo usilisikie.

Fundi


7 Aprili

Fundi,

Nimefika salama. Nakuandikia yale ambayo hukuyaona.

Njia nzima ya kumrudisha kwako Chiriku alikaa dirishani hasemi. Basi lilipokata kona ya soko akaanza kuongea, kwanza chini chini, mwenyewe: "Hapa ndipo wanapouza vyombo. Hapa mbwa alilala barabarani." Halafu akanigeukia akaongea na mimi. Aliniambia kuhusu mbwa, kuhusu mwalimu, kuhusu mtoto mmoja aliyemeza shanga. Aliongea dakika kumi bila kupumua, na akanishika mkono wakati anaongea, kwa sababu alitaka nitazame. Hizo dakika kumi nimerudi nazo.

Pale mlangoni ulimwona anavyotembea polepole kama mtu aliyebeba kitu kinachomwagika. Ulisikia alichosema: "Mama, nimerudi. Tumbo limepona." Mkaingia ndani kwa sababu alikuwa anakuvuta sketi. Shemeji alibaki na mimi. Alichukua begi, akalitua, akalichukua tena. Akasema, "Sista, ingia unywe chai." Nikamwambia nina zamu. Sikuwa na zamu. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya wiki nzima.

Fomu ya shule ibaki ilivyo. Mimi niwe Mama Mkubwa. Dada wa mama ni mama mkubwa, si uongo, ndivyo tunavyoitana. Ila siku atakapouliza kwa akili yake, usimfiche. Mwambie yote, na umwambie kwamba chumba cha nyuma ya jiko kilikuwepo.

Usinishukuru. Ukinishukuru sitaweza kuja kuwatembelea.

Nilipofika nyumbani nilikaa kwenye kile kiti cha mlangoni. Kinaonyesha barabara yote mpaka mwisho. Sikuwahi kujua.

Dada yako


14 Agosti

Kwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima na mama na baba ni wazima. Nipo darasa la pili, nimekuwa wa nne. Ningekuwa wa tatu lakini naongea.

Mama amesema barua hii niandike mwenyewe, yeye hataisoma. Amesema mimi nilikaa tumboni mwako na siyo mwake. Nilimwambia anatania. Akalia kidogo, kwa hiyo hatanii.

Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini sikai kwako? Naomba unijibu wewe siyo umjibu mama.

Mwalimu amesema barua lazima iwe na mwisho. Mwisho.

Chiriku


23 Agosti

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Hongera kwa kuwa wa nne. Usiache kuongea.

Ni kweli. Ulikaa tumboni mwangu miezi tisa kasoro siku nne. Kila nilipoinama juu ya kitanda cha mgonjwa ulinipiga teke, mpaka nikawa nainama kwa ubavu. Ulizaliwa saa tatu asubuhi, kilo tatu na robo, ukapiga kelele mpaka mkunga akaziba sikio moja. Nilikupa jina hilo hapo hapo.

Ulipokuwa na miaka mitatu na nusu nilikupeleka kwa mdogo wangu ili nisome. Nilisema nitakuja kila likizo, sikuja. Nilipata nafasi ya kukuchukua mapema, nikaiacha, kwa sababu nilipenda kusoma. Nilipokuja kukuchukua ulikuwa tayari una mama. Nilijaribu kukaa na wewe hapa kwangu, tumbo likakuuma karibu miezi miwili, nikakurudisha. Ndiyo maana hukai kwangu. Hakuna kosa ulilofanya wewe. Ukiwa mkubwa ukinikasirikia, utakuwa na haki, na nitakusikiliza mpaka mwisho.

Mama yako ni huyo aliyelia. Ukimaliza kusoma hapa nenda kakae karibu naye, anaogopa barua hii kuliko wewe.

Umesahau kuniuliza kazi yangu, lakini nitakuambia. Nasimamia wodi ya watoto wagonjwa. Kila kitanda sasa kina kiti cha mama pembeni, na hakuna anayemwambia mama aondoke saa za kutazama wagonjwa zikiisha. Nilipokuwa nasoma niliandika kwamba inafaa iwe hivyo, wakakubali.

Ukiwa na swali lingine lolote niandikie, hata la mbwa. Zamu yangu inaisha saa tisa alasiri. Baada ya hapo nipo tu, sina masomo tena.

Mama Mkubwa